UZI: Orodha ya mafaili yanayojulikana kwenye uchunguzi wa kompyuta, inafanyaje kazi na wapi watu wanaikosea

fundi_ushahidi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni.

Kila ikitajwa kesi ya mtandao watu wanakimbilia kuuliza "walimdukuaje" au "wamemfuatiliaje", sijaona anayeuliza kuhusu ile kazi inayokula muda wa mchunguzi kuliko zote. Laptopu imeshakamatwa, imeshaletwa mezani, diski imeshatolewa nakala pacha kupitia kile kifaa kinachozuia kitu chochote kisiandikwe kwenye diski ya mtuhumiwa, sasa ndani kuna mafaili laki tatu, laki nne. Unaanzia wapi?

Windows tupu, haijawekewa hata wimbo mmoja, ina mafaili zaidi ya laki moja. Weka Office, weka brauza mbili, weka Photoshop, weka gemu la mpira la watoto, tayari mlima. Na karibu yote hayo mtuhumiwa hakuyaandika wala hajawahi kuyafungua kwa mkono wake, yalikuja na programu. Kinachomhusu yeye ni sehemu ndogo sana, barua zake, picha zake, chati zake, yale mahesabu aliyoyaficha kwenye folda lenye jina la ajabu. Huku mtu yuko rumande anasubiri, au mama wa watu kaibiwa hela za kikoba anasubiri, na mashine zipo kwenye foleni. Kwa hiyo nikiongelea hili jambo siongelei utaalamu wa kujionyesha, naongelea muda wa watu.

Dawa ilipatikana Marekani, kwenye taasisi yao ya viwango na vipimo inaitwa NIST, iko Gaithersburg jimbo la Maryland. Wana mradi unaitwa National Software Reference Library, kifupi NSRL. Ni maktaba kweli, ina rafu na maboksi: programu zinanunuliwa au zinatolewa na watengenezaji, zinaandikishwa, na ile nakala yenyewe inatunzwa. Alaf wanaifungua kila programu mpaka ndani kabisa, vile vifurushi vya kusakinishia vinachambuliwa faili kwa faili, na kila faili linapigiwa hashi. Matokeo yake ndo orodha wanayoitoa bure kwa dunia nzima toka mwanzoni mwa miaka ya 2000, inaitwa RDS (Reference Data Set), na inapata matoleo mapya kila baada ya miezi mitatu.

Kwa wasiojua, hashi ni namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili, wengine wanaiita saini ya faili, na MD5 ni mojawapo ya njia za kuikokotoa. Fanyeni hili jaribio hapo mlipo, halihitaji bando. Fungua Notepad ya Windows ya sasa, andika herufi a peke yake, usibonyeze enter, seva. Piga MD5 ya hilo faili, utapata hii:

0cc175b9c0f1b6a831c399e269772661

Futa a, andika b, seva, piga tena:

92eb5ffee6ae2fec3ad71c777531578f

Kati ya a na b ndani ya kompyuta zimetofautiana biti mbili tu, lakini namba zilizotoka hazifanani hata kidogo. Na mimi niliye huku na wewe uliye Mbeya au Mombasa au Muscat tutapata namba ileile, herufi kwa herufi. Badilisha jina la faili, liite harusi.jpg, lihamishie kwenye flashi, lipe tarehe ya mwaka juzi, namba haibadiliki kwa sababu inatokana na yaliyomo, haijali jina wala tarehe. Hilo ndo linalompa mchunguzi nguvu. Unapiga hashi ya kila faili kwenye diski, unalinganisha na orodha ya NIST, yale yaliyokubaliana unayaweka pembeni, ni kama kuchambua mchele kabla ya kupika. Kwenye mashine ya kawaida ya ofisini unaweza kukuta sehemu kubwa kabisa ya mafaili imeondoka ndani ya dakika chache, ukabaki na yale yanayohitaji jicho la mtu.

Sasa kiini cha uzi wangu ni hiki hapa na naomba kisomwe taratibu. Orodha ya NIST ni ya mafaili YANAYOJULIKANA. Haijasema ni mafaili salama. Haijasema ni mafaili mabaya. Inasema tu kwamba faili lenye namba hii lilikutwa ndani ya programu fulani, toleo fulani, na boksi lake tunalo. Ndani ya orodha hiyohiyo kuna Word na kuna programu za kuvunja nywila, kuna gemu za watoto na kuna programu za kuficha ujumbe ndani ya picha. Mtu akichukua orodha nzima akaifanya ni "takataka za kutupa" anaweza kutupa ushahidi wake mwenyewe, na mwingine akichukua mstari mmoja tu wa orodha akaufanya hatia anaweza kumfunga mtu asiye na kosa. Yote mawili yanatokea kwa sababu watu wanabonyeza kitufe bila kujua nyuma yake kuna nini.

Nitaendelea, ulizeni.

---

dogo_wa_IT

Shikamoo mkuu. Niko chuo mwaka wa pili, mwalimu alitufundisha saini za mafaili lakini yeye alisema ni zile baiti za mwanzo, JPEG inaanza na FF D8 FF, PDF inaanza na %PDF, sasa nikisoma uzi wako naona ni kitu kingine kabisa. Ni ipi sasa?

---

fundi_ushahidi

Marahaba dogo. Vyote vipo na vyote vinatumika kwenye meza moja, ila vinajibu maswali tofauti.

Zile baiti za mwanzo zinakwambia faili ni la AINA gani. Faili la kuendesha programu kwenye Windows linaanza na 4D 5A, yaani MZ, hizo ni herufi za Mark Zbikowski mmoja wa wahandisi wa Microsoft enzi za DOS. Zip inaanza na PK, ni za Phil Katz aliyeibuni. Mtu akichukua video akaibadilisha jina ikawa ripoti.dll na kuificha ndani ya folda la Windows, baiti za mwanzo zinamuumbua, kwenye Autopsy, ile programu ya kuchunguzia diski, kuna moduli kazi yake ni hiyo tu, kukupa mafaili ambayo jina la mwisho halikubaliani na kilichomo. Angalia tu kwamba docx na xlsx na apk zote zinaanza na PK kwa sababu ndani ni zip, usije ukaandika kwenye ripoti kwamba mtuhumiwa "alificha zip kwa jina la docx".

Hashi inakwambia ni faili LIPI hasa, hilohilo na si lingine. Na ukiziunganisha mbili ndo utamu unapokuja. Umekuta faili linaitwa svchost.exe, jina la heshima kabisa kwenye Windows, baiti za mwanzo ni MZ sawasawa, lakini lipo kwenye folda la Downloads na hashi yake haipo kwenye orodha hata kwa toleo moja la Windows. Hapo unasimama. Na kinyume chake, umekuta faili linaitwa picha_za_mtoto.dat, hashi inarudi kwenye orodha kwamba ni kipande cha programu ya kusafisha diski. Hapo pia unasimama, mtu habadilishi jina la kifutio bila sababu.

---

wakili_mdogo

Kaka nimekusoma kwa makini kwa sababu kazi yangu ni kusimama upande wa pili. Shahidi wa Jamhuri akija na MD5 namuuliza swali moja tu: unajua kwamba MD5 ilivunjwa? Wengi wanaanza kutoka jasho hapo hapo. Wewe ungenijibuje ukiwa kizimbani?

---

fundi_ushahidi

Wakili, ningekujibu ndiyo, ilivunjwa, na ningeomba mahakama inipe dakika niseme ilivunjwa vipi, maana hapo ndo mashahidi wengi wanapopotea wanajibu ndiyo au hapana wanakaa kimya.

MD5 ni kazi ya Ron Rivest, 1991. Agosti 2004 Xiaoyun Wang wa China na wenzake walionyesha kwamba wanaweza kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja. SHA-1, njia nyingine ya kupiga hashi, nayo ikafuata, Februari 2017 Google pamoja na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa PDF mbili zenye rangi tofauti na SHA-1 ileile. Na si mambo ya maabara tu, kile kirusi cha Flame kilichogunduliwa 2012 Mashariki ya Kati kilitumia udhaifu wa MD5 kujifanya kimesainiwa na Microsoft.

Lakini angalia walichofanya wote hao. Walitengeneza mafaili MAWILI wenyewe tangu mwanzo, wakayapindisha yote mawili mpaka yakakutana. Hilo ni tofauti na kuchukua faili ambalo tayari lipo, ambalo hukulitengeneza wewe, mfano calc.exe ya Microsoft iliyokaa kwenye rafu ya Gaithersburg, ukatengeneza faili lako la uhalifu likatoa namba ileile. Hiyo ya pili hakuna aliyeifanya kwa MD5 kamili mpaka leo. Kwa hiyo ukiniuliza kama mteja wako angeweza kuficha picha zake kwa kuzipa MD5 ya faili la Windows, jibu langu ni hapana na ningelisimamia.

Pia hakuna anayekulazimisha utumie namba moja. Orodha ya NIST toka zamani ina SHA-1, MD5, CRC32 (namba fupi ya kukagua makosa) na ukubwa wa faili kwenye mstari mmoja. Zile PDF mbili za 2017 zina SHA-1 moja lakini MD5 zao ni tofauti. Na toleo la tatu la RDS, hili la sasa linalokuja kama kanzidata ya SQLite badala ya yale mafaili ya maandishi, limeongeza SHA-256, hashi ndefu zaidi. NIST wenyewe Desemba 2022 walitangaza SHA-1 iwe imeachwa ifikapo mwisho wa 2030. Shahidi mzuri anapiga SHA-256 siku ya kwanza kwenye nakala pacha na anaiandika kwenye fomu ya makabidhiano, anapiga tena siku ya mwisho, zikilingana wakili unahamia swali lingine.

Kama mimi ndo wakili nisingehangaika na MD5 kabisa. Ningemuuliza shahidi: hilo faili ulilosema ni la programu ya udukuzi, kwenye orodha linaonekana kwenye programu ngapi?

---

wakili_mdogo

Hapo fafanua kaka, nakaa.

---

fundi_ushahidi

Ngoja nikae hapa kidogo maana hili ndo limenifanya nianzishe uzi.

Watengeneza programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Wanaazima maktaba za wengine, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, kwenye Windows vingi vinaishia na dll. Kuna faili linaitwa zlib1.dll, kazi yake kubana na kufungua data, liko kwenye programu zisizo na idadi, magemu, vihariri vya picha, programu za uhasibu, na liko pia kwenye programu za kuvunja nywila. Cygwin1.dll hivyohivyo. Mafaili ya jQuery hivyohivyo, kila tovuti uliyoseva kwenye kompyuta inayo. Sasa kwenye orodha kamili ya NIST hashi moja inaweza kuwa na mistari mingi, kila mstari na programu yake. Lakini wapo wanaotumia ile orodha fupi, ambayo kila hashi imewekwa mara moja tu ili kanzidata isiwe nzito, na orodha fupi kwa kazi ya kuondoa mafaili ya kawaida haina shida kabisa, ni nyepesi na inakimbia. Shida inaanza mtu anapoitumia hiyohiyo kusema programu gani ilikuwepo. Ule mstari mmoja uliobaki unaweza ukawa na jina la programu ambayo kwenye safu ya aina imeandikwa ni zana ya udukuzi. Mchunguzi mvivu anaona jina, ananakili kwenye ripoti, "kwenye kompyuta ya mshtakiwa ilikutwa zana ya udukuzi". Kumbe ni zlib ya gemu la mtoto wake.

Mfano wa wazi kuliko wote ni huu. Faili tupu, lenye baiti sifuri, MD5 yake ni hii:

d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e

Kila faili tupu duniani lina namba hiyo. Ukisakinisha Python utakuta __init__.py nyingi ni tupu, zote zina namba hiyo. Programu nyingi zinaacha mafaili tupu. Kwa hiyo namba hii "inapatikana" kwenye programu halali na za hovyo kwa pamoja, na haithibitishi chochote kuhusu mtu yeyote. Ukiiona kwenye kiambatisho cha ripoti imehesabiwa kama kitu kilichopatikana, wakili simama, maana aliyeiandika hakuangalia hata safu ya ukubwa wa faili.

Kusema programu fulani ilikuwepo unahitaji mafaili ambayo ni ya programu hiyo PEKEE, na ukute kadhaa, na yawe kwenye folda linaloeleweka, na rejista ya Windows (kanzidata ya mipangilio yake) au kumbukumbu za Prefetch, zile Windows inazoweka programu ikifunguliwa, zikubaliane kwamba iliendeshwa. Hapo sasa unaongea. Na inapofanyika sawasawa ina nguvu kweli, mtu kaondoa programu ya kuficha ujumbe ndani ya picha, kafuta folda lote, kasahau dll moja iliyobaki kwenye kona, hashi yake inakutajia programu na toleo lake, na mchunguzi anajua kumbe zile picha za maua mia mbili kwenye diski zinatakiwa ziangaliwe kwa namna nyingine.

---

dada_wa_maabara

Kaka salama? Nachangia kama mtu ninayetumia Autopsy kila siku. Nakubaliana na mengi ila hapo kwenye "kuweka pembeni" nataka nipinge kidogo. Kwenye mafunzo wengi tumefundishwa ukishalinganisha na NSRL unayaficha yale yanayojulikana na unaendelea. Kwa kesi zetu za wizi wa ndani wa makampuni nimeona inatosha, muda wenyewe hakuna, bosi anataka ripoti Ijumaa. Ukisema tuyarudie tena mafaili yanayojulikana faida ya orodha iko wapi?

---

fundi_ushahidi

Salama dada, karibu sana.

Sijasema uyarudie moja moja. Nimesema usiyaondoe kwenye hesabu. Yafiche kwenye macho, yabaki kwenye kanzidata ya kesi. Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu hashi inajua yaliyomo tu, haijui faili lipo wapi na lilitumika lini. PsExec ni zana halali ya Microsoft, inajulikana, mafundi wa mitandao wanaitumia kila siku, na wadukuzi nao wanaitumia kuhama mashine moja kwenda nyingine. Ukiificha kwa sababu "inajulikana", alaf ukaja kujiuliza mwizi alifikaje kwenye seva ya malipo, jibu umelifunika mwenyewe. Kwa hiyo kwa wizi wa ndani mimi ningefanya hivi: baada ya kuficha, napiga swali moja tu kwenye yale yaliyofichwa, nionyeshe yenye aina ya udukuzi, usimbaji (kufunga data kwa siri), ufutaji na ya kuendesha mashine kwa mbali. Unapata orodha fupi, unaipitia na chai mkononi, Ijumaa ripoti ipo.

Na la pili dada, wewe unafanya kazi hapa kwetu. Maktaba ya Gaithersburg imejaa programu zinazouzwa na kusambazwa kwa wingi. Ile programu ya stoo iliyoandikwa na kijana mmoja kwa ajili ya duka la jumla Kariakoo, au mfumo wa saccos uliotengenezwa kwa oda, usitegemee kuukuta kule. Ukilinganisha yote hayo yatarudi kama "haijulikani" na mchunguzi mgeni ataanza kuyashuku. Kama kampuni inakuita mara kwa mara, chukua mashine yao mpya, safi, iliyowekewa kila kitu kabla mtu hajaikalia, piga hashi zote, tengeneza orodha yenu wenyewe. hashdeep inafanya hiyo kazi bure, aliyeiandika ni Jesse Kornblum aliyewahi kuwa mchunguzi kwenye jeshi la anga la Marekani. Andika tarehe, andika ilitoka mashine gani na nani alikuwepo, tunza na ile nakala ya mashine yenyewe. Orodha bila chanzo chake haina thamani mahakamani, heshima ya NIST haitokani na jina, inatokana na kwamba wakibishiwa wanaweza kurudi kwenye rafu wakatoa boksi.

---

dada_wa_maabara

Hapo kwenye kupiga swali kwenye yaliyofichwa nimekuelewa, nitaijaribu kwenye kesi iliyopo mezani. Orodha yetu wenyewe tulikuwa nayo ila hatukutunza ile mashine, hilo nalichukua.

---

dogo_wa_IT

Mkuu samahani, si umesema kubadilisha biti mbili tu hashi yote inageuka? Basi mhalifu si anaongeza nafasi moja tu mwisho wa faili na halipatikani tena kwenye orodha?

---

fundi_ushahidi

Inategemea orodha inatumika kwa kazi gani dogo.

Kwa orodha ya NIST akibadilisha faili anajiumiza. Maana faili likishabadilika linatoka kwenye kundi la yanayojulikana na linabaki kwenye lile fungu la kuangaliwa kwa macho. Ulikuwa umefichwa na mafaili laki moja, sasa umesimama mwenyewe uwanjani.

Kwa orodha ya mafaili haramu ni kweli, hashi ya kawaida inakwepeka. NIST hawana vitu haramu kwenye maktaba yao kabisa, ni programu tu, orodha za picha na video za unyanyasaji wa watoto zinatunzwa na vyombo vingine, mfano Interpol kule Lyon wana kanzidata yao ya kimataifa. Kwa picha ilibidi ibuniwe njia nyingine, 2009 Microsoft na Hany Farid aliyekuwa Dartmouth walitoa PhotoDNA, yenyewe inaangalia mwonekano wa picha badala ya baiti, ukiipunguza ukubwa au ukaiseva upya bado inatambulika. Hii imesaidia watoto wengi na imewapunguzia wachunguzi kuangalia tena na tena vitu ambavyo binadamu hatakiwi kuviangalia hata mara moja. Hilo nalisema kwa uzito wote.

Kwa mafaili ya programu na nyaraka kuna ssdeep, ya Kornblum huyohuyo, 2006, inalikata faili vipande kufuata yaliyomo na kupiga hashi kila kipande, kwa hiyo inaweza kukwambia mafaili mawili yanakaribiana kiasi gani. Inafaa kwa virusi vinavyobadilishwa kidogo kidogo. Ila hayo ni "yanakaribiana", usiyapeleke mahakamani kama "ni lilelile".

---

wakili_mdogo

Narudi kwenye sheria. Kwetu Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kifungu cha 18 inamtaka hakimu aangalie data ilizalishwaje, ilitunzwaje, uadilifu wake (kwamba haijachezewa) ulilindwaje. Kenya wana 106B kwenye Sheria ya Ushahidi na cheti chake. Hakuna kifungu kinachotaja hashi. Unaona inatosha?

---

fundi_ushahidi

Wakili kwenye sheria wewe ndo mkubwa, mimi naongea kama fundi. Naona ni vizuri haijatajwa, sheria ingeandika MD5 mwaka ule leo ingetutia aibu. "Uadilifu ulilindwaje" jibu lake ndo hashi, ila lazima iwe imepigwa mapema na mtu anayejulikana mbele ya shahidi, si siku moja kabla ya kwenda mahakamani.

Kinachonisumbua zaidi ni ruhusa. Marekani kuna kesi ya mahakama ya shirikisho Pennsylvania, 2008. Wachunguzi walipiga hashi kwenye kompyuta bila hati ya upekuzi wakilinganisha na orodha ya mafaili haramu, serikali ikajitetea kwamba hakuna faili lililofunguliwa, ni namba tu zimelinganishwa. Mahakama ikasema hapana, kupiga hashi diski nzima ya mtu ni upekuzi, mlitakiwa mpate hati, na ushahidi ule ukazuiwa. Mimi nakubaliana nayo. Mashine ikishapita kwenye kila faili lako na kuuliza "hili ni nini", umepekuliwa, hata kama hakuna macho ya mtu yaliyoona kitu. Wateja wako simu zao zinachukuliwa barabarani, hilo swali la hati uliulize mapema kabla hata hujafika kwenye MD5.

---

dogo_wa_IT

Mkuu mwisho, nataka kujaribu nyumbani ila hiyo orodha kuidanlodi ni bando la mwezi mzima. Kuna njia?

---

fundi_ushahidi

Ipo. Luxembourg kuna kituo chao cha kushughulikia matukio ya mtandao kinaitwa CIRCL, wana huduma ya bure inaitwa hashlookup, data ya NSRL imo. Unatuma hashi, inakujibu inajulikana au haijulikani na ilikutwa kwenye nini. Anza na mafaili ya kompyuta yako mwenyewe, chukua folda la System32, piga SHA-1 kwa amri ya Get-FileHash kwenye PowerShell, tuma chache uone majibu. Alaf chukua docx yoyote uliyoandika wewe, itakwambia haijulikani, na ndivyo inavyotakiwa.

Onyo moja, hiyo ni kwa kujifunza. Ukishakuwa na kesi ya kweli usitume hashi za diski ya mtu kwenye seva ya mtu mwingine mtandaoni, maana hashi ya waraka unaojulikana inaweza kumwambia aliye upande wa pili kwamba huyu mtu anao huo waraka. Kwa kesi chukua orodha fupi, nenda nayo chuoni uidanlodi kwa mtandao wa maabara usiku, weka kwenye diski ya nje, na uandike kwenye daftari ni toleo la mwezi gani, maana ukiulizwa baada ya miaka miwili kwa nini faili fulani lilirudi kama halijulikani, inawezekana siku ile lilikuwa bado halijaingia kwenye orodha.